Dakika Nne za Mama Mkwe

Mimi ni dobi. Mtu akiniletea shati, kabla hajafungua mdomo nimeshajua juzi alikula nini, alikaa wapi, na kama na mkewe wanaongea. Madoa hayanipiti. Sasa niulizeni: mwenye macho haya alikaaje miaka minne na jambo kubwa vile ndani ya nyumba yake asilione? Nitawaambia mwenyewe, maana nimechoka kulisikia kwa watu wanaoongeza chumvi.

Mume wangu wanamwita Shingo. Ana shingo ya kawaida tu, wala si ndefu. Wanamwita hivyo kwa sababu ndiyo inayotulisha. Chini ya jengo letu, mkabala na chumba changu cha kupigia pasi, kuna duka la jumla la vifaa vya simu, na tajiri wa duka haagizi hata katoni moja ya hedifoni za shingoni mpaka mume wangu azivae siku tatu. Nazungumzia zile zisizo na waya wa kwenda kwenye simu, zenye kitanzi cha mpira kinachokaa shingoni na vidude viwili vya kuchomeka masikioni. Akishazivaa anatoa hukumu: inapita, au haipiti. Kazi ndiyo hiyo. Watu wanaamka alfajiri kubeba zege, mume wangu anaamka kuvaa.

Lakini msimcheke, anavaa kwa bidii. Siku ya kwanza ni ya shingo. Anaipima hedifoni uzito kwenye mizani yangu ya jikoni, ile ninayopimia sabuni ya unga. Kisha anafunga na kufungua kamba za viatu mara hamsini aone kama kitanzi kinateleza mbele. Anapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne na kushuka, mara sita, atoke jasho. Kitanzi kikianza kutembea kwenye jasho, haipiti, hata iwe inaimba namna gani. Anaosha vyombo ameivaa, na hapo sijawahi kulalamika. Siku ya pili ni ya masikio: anaichomeka asubuhi hadi jioni, akila, akipiga miayo, akijilaza kidogo mchana, aone sikio litaanza kuuma saa ngapi. Kila kitu anakiandika kwenye daftari. "Saa tano na nusu, kushoto kunawasha." Mimi mgongo unaniuma miaka kumi na hakuna aliyeuandika popote.

Siku ya tatu ndiyo ya sauti, na hapo ndipo nilipokuwa nakasirika.

Wenzake wote wa biashara hiyo hupima kwa muziki. Mume wangu alikuwa anapima kwa mama yangu.

Ilikuwa hivi. Shingo alikuwa fundi redio, na alikuwa fundi kweli. Redio zikaisha mikononi mwa watu, kibanda kikafungwa, akachukua kazi hii ya kuvaa. Mama yangu, anayeishi mji mwingine, akapata habari siku hiyo hiyo, maana kwake habari hazichelewi. Akamtumia mkwe wake ujumbe wa sauti wa dakika nne na sekunde kumi na moja. Sitaurudia wote. Ulianza kwa salamu fupi sana, kisha akasema, "Mwanaume mzima, mwenye mke, unaenda kuvaa kamba shingoni kama mbuzi anayepelekwa mnadani!" Hiyo ilikuwa sekunde ya kumi na tano. Mimi nilivumilia dakika moja, nikaitupa simu kitandani. Mume wangu akaiokota, akaenda kukaa mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akaenda kazini, na hedifoni ya kwanza aliyopewa akaipima kwa ujumbe ule ule.

"Muziki unadanganya," aliniambia nilipomuuliza kama ana wazimu. "Wakijaza besi, kila kitu kinakuwa kitamu. Sauti ya mtu haidanganyi. Na mama yako ana zote: juu anafika, chini anafika, pumzi anavuta, kijiko anagonga."

"Sasa ndiyo iwe sauti ya kumtukana mtu?"

"Hedifoni nzuri inakuonyesha chumba kizima," akasema. "Nataka nijue nani mwingine yuko mle ndani. Wewe isikilize mpaka mwisho, mara moja tu."

"Mama yangu yu hai. Akitaka kunisema atapiga mwenyewe. Funga hiyo kitu."

Mazungumzo hayo tuliyafanya miaka minne, kwa maneno hayo hayo. Kila nikiisikia inaanza, nasema funga, naye anafunga. Nilijua namna moja tu ya kulielewa jambo lile: mume wangu ana kinyongo, na anakitia chaji kila wiki. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Tena ile sauti ilikuwa imewekwa hadi kwenye simu ya duka, kwenye kaunta, wateja wajaribie. Ni watu wangapi wamegombezwa na mama yangu pale dukani, Mungu ndiye anajua, na wengi wao walinunua. Tajiri mwenyewe hakujua ni ya nani. Aliambiwa ni "mama mmoja hivi."

Mwaka mmoja baada ya ujumbe ule, baba yangu akafariki. Baba alikuwa fundi saa, mtu wa kuongea mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo ni salamu. Kwa mke kama mama yangu, hakuachiwa nafasi nyingi. Ukipiga simu ukasema, "Mama, nipe baba nimsalimie," mama anajibu, "Anakusalimia," kisha anaendelea na habari zake. Alipoondoka tulibaki na picha zake, miwani yake, na saa kumi na tisa ambazo kila moja inasema saa yake. Sauti yake hatukuwa nayo hata moja. Nani angemrekodi baba? Ili arekodiwe, ilibidi kwanza apewe zamu.

Basi, mwaka huu bega la kulia la mama likamgoma. Mkono ukawa haupandi kupita kifua. Daktari akamtazama, akamuuliza simu anaishikaje. Mama akaonyesha: anaibana kati ya bega na sikio, mikono ibaki huru kukatia vitunguu. Kwa muda gani? Mama akasema, kidogo tu, saa mbili tatu kwa siku. Daktari akaandika mazoezi ya viungo ya wiki sita katika hospitali ya mji wetu, na chini yake akaandika: anunue hedifoni za shingoni.

Nilicheka peke yangu mpaka pasi ikataka kuunguza suruali ya mtu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo! Kamba ya mbuzi ndiyo imekuwa dawa, na anayejua kuichagua kuliko wote ni yule yule aliyeitwa mbuzi.

Kicheko kilikatika nilipokumbuka ile sauti. Mama anakuja kukaa kwetu wiki sita. Duka liko mlangoni kwetu. Akiisikia, ataona kwamba mkwe wake amemfanya kichekesho cha mji, miaka minne, mbele ya wateja, tena yeye mjane. Namjua mama yangu. Angefunga mzigo wake saa hiyo hiyo, na bega lake angekwenda nalo.

"Ifute," nikamwambia Shingo jioni ile, nikiwa nakunja mashuka.

"Siifuti."

"Unamwekea mama yangu kinyongo."

"Sina kinyongo naye."

"Mtu asiye na kinyongo hatunzi matusi miaka minne! Sikiliza nikwambie. Mama akiisikia ile kitu akaondoka, namsindikiza. Na nikishamsindikiza, kurudi sikuahidi."

Akawa anapangusa miwani yake kwa shati. "Hataisikia," akasema mwishowe. "Nitampimia kwa taarifa ya habari. Lakini siifuti." Nilimwona kichwa kigumu, mtu wa kufa na tai shingoni, na niliumia, maana nampenda na sikutaka kuchagua.

Mama akafika Jumatatu, na mabegi matatu aliyobebewa na abiria ambao tayari walikuwa wanamwita mama.

"Shikamoo, mama," mume wangu akasema, akapokea mabegi.

"Marahaba, baba. Bado unavaa vile vikamba?"

"Bado, mama."

"Haya. Basi nitafutie na mimi kimoja." Akasema hivyo akiwa anatazama ukuta.

Jumanne tukashuka naye dukani. Lazima niseme ukweli: sikuwahi kumwona mume wangu akifanya kazi yake kwa karibu vile, na nilijisikia vibaya kwa vicheko vyangu vyote. Hakumletea ya bei kubwa. Alimketisha, akamtazama anavyogeuza kichwa, akamuuliza maumivu yanaanzia wapi yanaishia wapi. Akamvika ya kwanza.

"Inawasha," mama akasema.

Akamvika ya pili. "Hii inanikaba kama kola ya sare ya shule."

Ya tatu ilikuwa nyembamba, laini, uzito wake hata robo ya sabuni ya mche haufiki. Vitufe vyake vilikuwa na vinundu, mtu avitambue kwa kidole bila kutazama. Alimvika, akaanza kumuuliza habari za safari. Na ukimuuliza mama yangu habari za safari, tafuta kiti. Alipofika kwenye dereva aliyekataa kufungua dirisha, akasita, akaanza kupapasa kaunta. "Ile ya tatu umeiweka wapi? Mbona hunivalishi?"

"Umeivaa, mama."

Akajishika shingo. Mume wangu akatabasamu, akaandika kwenye daftari. Baadaye aliniambia kwamba hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote: mtu akianza kuitafuta huku ameivaa, imepita.

"Imebaki sauti," akasema. "Ngoja nikushushie mpya ya kwenye boksi, kisha tujaribu kwa taarifa ya habari." Akanitupia jicho la kuniambia tulia, akapanda ngazi ya mbao kwenda kwenye rafu za juu.

Hapo ndipo tajiri wa duka alipotoka ofisini. Mtu mwema, mwenye heshima zake, na siku hiyo heshima zake ndizo zilizotaka kuniua. "Kumbe mama ndiye mkwe wa Shingo! Karibu, mama, karibu sana. Hapana, mgeni kama wewe hupimiwi kwa taarifa ya habari. Sisi hapa tuna sauti yetu maalumu." Kabla sijajua nifanye nini na mikono yangu, alikuwa ameshamchomekea mama vile vidude masikioni, kwa adabu kabisa, na kubonyeza simu ya kaunta.

Nilimtazama mume wangu juu ya ngazi. Alikuwa na boksi kichwani. Hakushuka wala hakupanda. Nikajikaza kisabuni.

Mtu mwenye hedifoni masikioni hajui kwamba anapiga kelele. "EHE!" mama akasema, duka zima likageuka. "KUNA MAMA HAPA ANAONGEA!"

"Ndiye huyo huyo," tajiri akasema kwa fahari.

"ANAMSEMA MKWE WAKE. HEE! AMEMWITA MBUZI! JAMANI, MKWE?"

Nikafumba macho. Nikafumbua. Mama alikuwa amekunja uso, anatikisa kichwa, na ule uso ninaujua: ni uso wake wa kuhukumu watu wengine. Hakuitambua sauti yake, na maneno yenyewe alishayasahau! Aliongea miaka sabini na hakuwahi hata siku moja kujisikiliza.

"HUYU MAMA HANA HAYA," akaendelea. "MKWE HASEMWI HIVI. UNAMWITA, UNAMKALISHA, UNAMWAMBIA KWA ADABU. NA SAUTI YENYEWE, KAMA MLANGO USIOTIWA MAFUTA!"

"Hata sisi huwa tunamwonea huruma kijana," tajiri akasema. "Sijui alikosa nini."

"HATA KAMA ALIKOSA! MUNGU AMSAIDIE ALIYEMUOA HUYU."

Wateja wakacheka. Mimi nilikuwa kati ya kucheka na kuzimia. Nilitazama sekunde kwenye simu ya kaunta zikipita. Dakika mbili. Tatu. Tatu na nusu. Nikasema moyoni, ee Mola, zimebaki chache, tutavuka. Sikujua kilichokuwa mwisho, kwa sababu sikuwahi kufika.

Mama akanyamaza katikati ya neno. Mikono yake yote miwili ikapanda ikabana masikio. Nasema yote miwili: ule mkono uliokuwa haupiti kifua miezi mitatu ulifika sikioni.

"Baba watoto," akasema. Safari hii kwa sauti ndogo. Kisha akamwambia tajiri, "Irudishe."

Tajiri hakuelewa. Mume wangu akashuka ngazi, akaichukua simu, akarudisha nyuma kidogo. Akachomoa kidude kimoja kwa mama, polepole, akanichomekea mimi. Vile vijiwaya vya kwenye kitanzi ni vifupi, basi nikasimama shavu kwa shavu na mama yangu, nikasikiliza sehemu niliyoikataa miaka minne.

Mama wa kwenye simu alikuwa anaishiwa pumzi. Kijiko kiligonga kikombe. Na nyuma yake, mbali, upande wa mlango wa jikoni, sauti nzito ya mtu asiye na haraka: "Mama watoto, muache kijana wa watu. Kazi ni kazi. Njoo unywe chai, inapoa."

Na mama, karibu kabisa: "Nyamaza wewe, naongea!"

Ikaishia hapo.

Nililia palepale, mbele ya wateja, sina haja ya kuficha. Mama hakulia. Alikaa juu ya katoni.

"Yule mama mwenye mdomo," akauliza, "ni mimi?"

"Ni wewe, mama," mume wangu akasema. Akachuchumaa mbele yake. "Nisamehe. Siku ile ulivyonisema, nilikuwa nimeshaamua kesho siendi kazini. Nikasikiliza mpaka mwisho, nikamsikia mzee. Nikaenda. Tangu hapo hedifoni isiyonitolea ile sauti ya mzee vizuri, kwangu haipiti."

"Mbona hukuniambia mimi?" nikamgeukia, na hasira zangu zote zikaja zikiwa zimechelewa. "Miaka mitatu natafuta sauti ya baba yangu!"

"Nilikwambia sikiliza mpaka mwisho. Nimekwambia mara ngapi? Nilidhani unajua kilichopo, ndiyo maana hutaki."

Nikajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Mama alikuwa hatusikilizi. "Nilimwambia anyamaze," akasema. "Alikuwa anasema kitu kizuri, nikamwambia anyamaze." Akajishika kitanzi cha shingoni, akakinyoosha vizuri kama mtu anayeweka sawa mkufu. "Hii inapita, baba. Nitaichukua. Na huo ujumbe unitilie kwenye simu yangu."

Mama ameshamaliza wiki zake sita, na bado yuko kwetu. Bega limepona, sababu nyingine hajatoa, na sisi hatujauliza. Kila asubuhi, mimi nikiwa naloweka nguo, anaweka kikombe chake cha chai mezani, anajivika hedifoni yake na kuanza kujisikiliza anavyogombeza. Mara ya kwanza nilimwonea huruma. Mume wangu akamwambia zile dakika za mwanzo angeweza kuzikata, zibaki sekunde za baba tu, kazi ya nusu dakika.

"Ziache hivyo hivyo," mama akasema. "Yeye alinisikiliza miaka arobaini na mbili. Mimi nitashindwa dakika nne?"

Basi anazivumilia. Anaguna, anasonya, anasema, "Huyu mama jamani, hamalizi?" Kisha namwona anakaa wima, najua kijiko kimegonga kikombe kule ndani, na anaiwahi sauti yake mwenyewe kabla haijafika pale pa "nyamaza". Anapiga kelele bila kujua, majirani wote wanasikia:

"SEMA, BABA WATOTO. SEMA, NAKUSIKILIZA."